Deltoidi, Yaani Msuli Pembetatu wa Bega

Mintarafu ya istilahi za utabibu, ipo moja ambayo watu wengi wamedungwa mahali pake pasipo kuijua, nayo ni deltoidi, jina litokanalo na delta, herufi ya Kiyunani yenye umbo la pembetatu. Kwa maana msuli huo ni mpana juu, penye mifupa ya bega, kisha huenda ukipungua upana hata ukaishia kwa ncha katikati ya mfupa wa mkono.

Matabibu waliuchagua uwe mahali pa kudunga chanjo kwa sababu zilizo bayana. Msuli una damu nyingi, na seli za kinga huidaka chanjo hapo na kuichukua hadi tezi za kwapani, ambako kinga yenyewe hutengenezwa. Ndiyo maana baadhi ya waliochanjwa huvimba mtoki kwapani. Fauka ya hayo, chanjo zenye chumvi za aluminiamu, kama ya pepopunda na ya homa ya ini aina ya B, zikibaki katika mafuta chini ya ngozi huweza kuleta uvimbe mgumu, ilhali msuli huzistahimili. Matako hayafai, maana mafuta yake ni mengi, na karibu yake hupita mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni. Mtoto mchanga, ambaye bega lake halijajaa, hudungwa pajani.

Aghalabu wafasiri huandika “msuli wa bega”, na jina hilo halina kosa la lugha. Lakini lamwelekeza mwanafunzi juu mno, na sindano ipigwayo juu mno huweza kukifikia kiungo cha bega na kukiachia maumivu ya miezi mingi. Mahali pa haki ni takriban vidole viwili au vitatu chini ya ncha ya mfupa wa bega, penye kipande kinene cha ile pembetatu. Kwa hiyo naona “msuli pembetatu wa bega” ni tafsiri bora, maadamu umbo lenyewe humwonyesha mdungaji mahali pa kulenga.

Wanaotunga vitabu vya wauguzi na waifikirie. Nawe msomaji, siku ya chanjo vaa nguo itakayoliacha bega wazi lote, wala usikunje mkono wa shati nusu, ili muuguzi auone msuli mzima kabla ya kudunga.