Kulewa Ndege Jeshini

Kulewa ndege ni hali ya kichefuchefu na kizunguzungu inayompata mtu akiwa angani. Humpata abiria wa kawaida, na humpata pia rubani wa kijeshi aliyefuzu. Si dalili ya woga wala ya udhaifu wa mwili.

Chanzo chake ni mvutano wa hisia. Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu midogo yenye umajimaji, ambayo huuarifu ubongo kila kichwa kinapogeuka. Ndege ikilala upande kukata kona huku askari aliye nyuma akitazama ramani, masikio husema mwili unazunguka, macho husema umetulia. Ubongo ukishindwa kuzipatanisha habari hizo, mate hujaa kinywani, miayo hufuatana, jasho la baridi hutoka, uso hupauka, kisha mtu hutapika. Mtu ambaye viungo hivyo vya sikio vimekufa kabisa halewi.

Anayeendesha hulewa mara chache kuliko anayeendeshwa, kwa kuwa anajua ndege itageukia wapi kabla haijageuka. Wanaoteseka zaidi ni wasoma ramani, askari wa miamvuli wanaoketi bila kuona nje, na wanafunzi wa urubani katika saa zao za kwanza.

Hali ya hewa nayo huchangia, na Mkoa wa Mara nchini Tanzania unaonyesha hilo vizuri. Mji wa Musoma uko ukingoni mwa Ziwa Victoria, kwenye mwinuko unaozidi kidogo mita 1,130 kutoka usawa wa bahari. Mchana, ardhi ya Butiama, Bunda na mbuga za Serengeti hupata joto haraka kuliko maji. Hewa ya moto hupanda, upepo wa ziwani huingia nchi kavu, na alasiri mawingu ya radi hujikusanya. Usiku upepo hugeuka kuelekea ziwani, na radi huhamia juu ya maji. Kwa hiyo asubuhi ndiyo saa tulivu. Ndege ndogo inayopita chini kati ya Musoma na Bunda alasiri hunyanyuliwa na kuangushwa ghafla. Jeshi la Wananchi wa Tanzania, lililoundwa mwaka 1964, lilijenga kikosi chake cha anga kwa msaada wa Kanada, likitumia ndege za mizigo na askari aina ya Otter na Caribou. Hizo ni ndege za mwendo wa taratibu zinazotua kwenye viwanja vifupi, na katika hewa ya namna hiyo hutikisika sana.

Utani umeizunguka hali hii katika majeshi mengi. Desturi iliyoenea ni kwamba aliyetapika husafisha ndege mwenyewe, wenzake wakimcheka. Mzaha mwingine wa zamani ni wa mzoefu kutia supu ndani ya mfuko wa kutapikia, kisha kuinywa mbele ya wageni. Mwaka 1985 seneta wa Marekani Jake Garn, rubani wa kijeshi mwenye saa nyingi za kuruka, aliugua vibaya ndani ya chombo cha anga za juu cha Discovery. Wanaanga wakageuza jina lake kuwa kipimo cha mzaha cha kichefuchefu. 

Utani wa namna hii una faida pale unapoondoa aibu. Watani wa makabila ya Tanzania huambiana mazito bila kuvunjiana heshima. Vivyo hivyo, mwanafunzi anayechekwa na waliowahi kutapika hujua kwamba hayuko peke yake, naye husema mapema anapojisikia vibaya. Kejeli inayomfanya afiche hali yake ni hatari, maana rubani anayepigana na tumbo lake huacha kusoma vipimo vya ndege.

Tiba kuu ni mazoea. Wengi hupona baada ya safari kadhaa za mfululizo, na wanaochelewa hufunzwa kwa kiti kinachozungushwa hatua kwa hatua. Kutazama upeo wa macho, kutuliza kichwa, kupata hewa baridi na kula chakula chepesi husaidia. Dawa ya haiosini huzuia kutapika, lakini huleta usingizi na ukungu wa macho, hivyo haimfai rubani anayeruka peke yake.