Kutuliza kelele ndani ya gari la michezo: Yafaayo na yasiyofaa

MAGARI ya michezo huuzwa kwa sifa ya kasi, wala si kwa sifa ya utulivu. Mnunuzi huvutiwa na ngurumo ya injini siku ya kwanza, na pengine hata mwezi wa kwanza. Lakini atakapoliendesha gari hilo kutoka Nairobi hadi Mombasa, mwendo wa takriban kilomita 480, ndipo atakapong’amua kuwa ngurumo aipendayo imeandamana na wageni ambao hakuwaalika: mvumo wa matairi, mluzi wa upepo kwenye madirisha, kokoto zinazogonga chini ya sakafu na bati linalotetemeka bila kukoma. Atafika akiwa hoi, na huenda njiani alifuatwa na ambulensi asisikie king’ora chake.

Tutatumia hapa mfano wa Subaru Impreza WRX, gari ambalo Wakenya wengi walilifahamu kupitia mbio za Safari Rally, ambapo Colin McRae alishinda kwa Impreza mwaka 1997 na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Hata hivyo, kanuni ni zile zile kwa mwenye Nissan Fairlady Z, Toyota 86 au Mazda MX-5.

Chanzo cha kelele

Sababu ya kwanza ni ya makusudi. Vitu vinavyozuia sauti ni vizito, na uzito ni adui wa kasi. Kampuni ya Porsche ilipotoa gari lake la 911 Carrera RS 2.7 mwishoni mwa 1972, toleo jepesi lilikuwa na uzito wa takriban kilo 960, ilhali lile la starehe lilikaribia kilo 1,075. Sehemu ya tofauti hiyo ilitokana na kuondolewa kwa mazulia na vizuia sauti. Subaru nayo ilifuata mkondo huo huo katika matoleo ya Impreza kama vile Type RA na Spec C, ambayo yaliundiwa wanamichezo. Anayeagiza gari la aina hiyo kutoka Japani hana budi kujua kwamba kelele anayolalamikia si hitilafu, ndivyo lilivyoundwa.

Sababu ya pili ni jinsi gari lenyewe linavyokaa barabarani. Springi ngumu, bushi ngumu na matairi mapana hupitisha kila mkwaruzo wa lami hadi kwenye bodi. Isitoshe, Impreza za zamani, hadi toleo lililokoma mwaka 2007, zina milango isiyo na fremu juu ya kioo. Kioo hukandamizwa moja kwa moja kwenye raba ya bodi. Raba hiyo ikizeeka, au kioo kikisogea hata milimita chache, upepo hupata upenyo.

Tusisahau pia mazoea ya vijana wetu ya kung’oa ekzosi ya kiwandani na kuweka bomba pana lisilo na kizuia sauti cha maana. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinahusu magari pia, kwa hivyo jambo hili si la starehe ya mwenye gari pekee. Kubandika vitu sakafuni huku ekzosi ya namna hiyo ingali chini ya gari ni kutwanga maji kwenye kinu.

Hesabu ya desibeli

Desibeli hazihesabiwi kama kilo za sukari. Ongezeko la desibeli 10 lina maana kwamba nguvu ya sauti imeongezeka mara kumi, ingawa sikio hulihisi kana kwamba sauti imekuwa maradufu tu. Desibeli 3 ni nguvu maradufu. Kwa hivyo, anayepunguza desibeli 3 ameondoa nusu ya nguvu yote ya kelele, na bado dereva ataihisi tofauti hiyo kwa kiasi tu.

Hesabu hii inaeleza kwa nini watu wengi hutumia maelfu ya shilingi bila kuona faida. Tuseme matairi na upepo vinatoa kelele sawa. Hata ukifaulu kuufuta upepo wote, kipimo kitashuka kwa desibeli 3 peke yake. Iwapo matairi yana kelele kuliko upepo, hutaona hata hizo 3. Lazima kuanza na chanzo kikubwa zaidi.

Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae katika kelele ya desibeli 85 kwa zaidi ya saa nane, na muda huo hupunguzwa nusu kila desibeli 3 zinapoongezeka. Magari mengi hayafikii kiwango hicho ndani, lakini dereva anayeongeza sauti ya redio ili ishinde mvumo wa barabara aweza kukifikia bila kujua.

Pima kabla ya kununua chochote

Chagua kipande kimoja cha barabara. Endesha kwa kasi ile ile, tuseme kilomita 80 kwa saa, madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa, huku abiria akishika simu yenye programu ya kupima sauti. Simu haitoi kipimo cha maabara, lakini hiyo hiyo moja inatosha kulinganisha jana na leo. Hakikisha pia upepo ndani ya matairi ni ule ule kila mara.

Kisha sikiliza. Kelele ikibadilika mara tu lami inapobadilika kutoka laini hadi ya kokoto, chanzo ni matairi. Ikipanda sana unapopita kilomita 100 kwa saa, hasa siku ya upepo wa ubavuni, shuku raba za milango na vioo vya pembeni. Ikiwa inafuata mizunguko ya injini hata gari likiwa limesimama, ni injini au ekzosi.

Mvumo unaozidi na kupungua kwa kasi, na ambao hubadilika gari linapokata kona, waweza kuwa beringi ya gurudumu inayokufa. Hili ndilo jambo ambalo mwandishi angependa lizingatiwe kuliko mengine yote. Beringi, kiungo cha shafti na bushi zilizolika hutoa onyo kwa sauti. Anayeziba masikio ya gari kabla ya kulipeleka kwa fundi anajinyima onyo hilo, na beringi ikivunjika katika mwendo wa kasi, gurudumu laweza kutoka. Rekebisha kwanza, nyamazisha baadaye.

Kwa upepo kuna majaribio mawili rahisi. Funga mlango juu ya ukanda wa karatasi, kisha uvute. Ukitoka bila kushikwa, raba haibani hapo. Jaribio la pili ni kubandika mikanda ya karatasi ya wapakaji rangi kwenye pengo lote la mlango wa abiria na kuendesha tena. Kelele ikipungua, umempata mwizi. Mara nyingi raba huhitaji tu kusafishwa na kupakwa grisi ya silikoni, na kioo kurekebishwa kwa skrubu zilizo ndani ya mlango. Kazi hii haiongezi hata gramu moja kwenye gari.

Matairi nayo yana siri zake. Tairi lililolika vibaya huvuma hata likiwa la bei ghali. Kuna matairi yenye sponji iliyobandikwa ndani ili kupunguza mlio wa hewa iliyomo, ambao huwa karibu na masafa ya hezi 200. Kibandiko cha Ulaya kinachoonyesha kiwango cha kelele ya tairi hupima sauti isikikayo nje na mpita njia, wala si ile iliyomo ndani ya gari. Wauzaji wengi hawalitaji hilo.

Vifaa vitatu, kazi tatu

Baada ya hapo ndipo mtu aweza kuzungumzia vizuia sauti. Kosa lililoenea ni kudhani kwamba vyote vinafanya kazi moja.

Cha kwanza ni utando wa raba ya butili uliofunikwa kwa karatasi ya alumini, wenye unene wa takriban milimita 2. Kazi yake ni kuliondolea bati mtetemo. Bati linapopinda, raba hunyumbulika kati yake na alumini, na nguvu ya mtetemo hugeuka kuwa joto kidogo sana. Haihitajiki kufunika bati lote. Robo ya eneo, katikati ya kila kipande kipana, huleta sehemu kubwa ya faida; kuzidisha ni kuongeza uzito. Gonga bati kwa kifundo cha kidole: likilia kama debe tupu linahitaji utando, likilia kama meza ya mbao liache.

Wapo wanaotumia mikanda ya lami ya kuzibia mapaa kwa sababu ni rahisi. Gari lililoanikwa juani Mombasa au Garissa litawapa jibu: lami hulainika, hunuka na huanza kuchuruzika. Hapa bei rahisi ni ghali.

Kifaa cha pili ni kizuizi: utandu mzito wa vinili, wenye uzito wa karibu kilo 5 kwa mita mraba. Huzuia sauti kwa uzito wake. Kwa kadiri, kila uzito unapoongezwa maradufu, sauti ipitayo hupungua kwa desibeli 6. Lakini vinili haipaswi kugusa bati. Huwekewa chini yake sponji ya milimita chache, ya aina ambayo vitundu vyake vimezibwa ili isinyonye maji. Zaidi ya hayo, haina huruma kwa nafasi zilizoachwa wazi. Ukiacha wazi sehemu moja tu kati ya mia ya eneo, kizuizi hakitapunguza zaidi ya desibeli 20, hata kikiwa na unene wa ukuta wa benki. Ndiyo maana sakafu na ukuta unaotenganisha injini na dereva, pamoja na matundu yote ya nyaya, hustahili uangalifu kuliko paa.

Cha tatu ni kinyonyaji, mathalan felti nene au pamba maalumu ya nyuzi, ambacho hupunguza mwangwi katika nafasi tupu ndani ya milango na pembeni mwa buti. Kinafaa kwa sauti nyembamba za upepo na matairi. Kwa sauti nzito hakifai kitu. Wimbi la sauti ya hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, felti ya sentimita mbili hulipokea kama wavu wa samaki upokeavyo maji.

Na hapo ndipo tatizo la ekzosi hurudi. Injini ya silinda nne hulipuka mara mbili kila inapozunguka, kwa hivyo katika mizunguko 3,000 kwa dakika hutoa mvumo wa hezi 100 kamili. Mvumo huo hautibiki kwa kubandika. Dawa yake ni kurudisha ekzosi ya kiwandani, au fundi aongeze chumba cha kutuliza kilichopimwa kwa masafa hayo.

Kuhusu trei za mayai ambazo baadhi ya mafundi huzipachika ndani ya milango, na povu la kupuliza ambalo hujazwa kwenye mihimili ya bodi: trei hazina uzito wala unyonyaji wa maana, na povu hunasa maji, likaozesha chuma kutoka ndani.

Kazi yenyewe

Kabla ya kung’oa viti, tenganisha betri na usubiri angalau dakika kumi. Chini ya viti vingi hupita nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, ambazo aghalabu huwa na viunganishi vya manjano. Usiwashe gari huku zimefunguliwa. Katika baadhi ya magari, mlango una kihisi kinachotambua ajali kwa mabadiliko ya shinikizo la hewa ndani yake; kuziba matundu yote ya mlango wa namna hiyo kwaweza kuchelewesha mfuko. Kitabu cha gari ndicho cha kushauriwa, si hisia za fundi.

Safisha bati kwa spiriti, ondoa kutu, kisha kandamiza utando kwa rola ndogo hadi michoro ya alumini ilale kabisa. Usizibe matundu ya kutolea maji chini ya milango wala vizibo vya sakafu. Plastiki iliyo nyuma ya ubao wa mlango irudishwe ilivyokuwa. Usiweke kitu chochote kinachoshika moto upande wa chini karibu na bomba la ekzosi.

Tukihesabu uzito, mita mraba tatu za butili ni kama kilo 9, na vinili ya eneo hilo hilo ni kilo 15. Jumla hiyo, kilo 24, ni pungufu kuliko petroli inayojaza tangi la Impreza la lita 60, ambayo ni takriban kilo 44. Tena uzito huo uko sakafuni, mahali ambapo hauharibu sana mwenendo wa gari kwenye kona. Anayeshindana kwa sekunde atakataa. Anayeenda kazini kila siku hana sababu ya kukataa.

Rudia kipimo kwenye barabara ile ile. Upungufu wa desibeli 3 hadi 5 ni mavuno mazuri. Anayeahidiwa 15 na muuzaji na aulizwe yule muuzaji alipimia wapi. Mvua ya kwanza ikinyesha, inua pembe ya zulia na uguse sakafu kwa kiganja. Ikiwa ni baridi na yenye unyevu, kuna tundu lililozibwa au plastiki ya mlango iliyorudishwa vibaya, na yafaa kufunguliwa siku hiyo hiyo kabla ya kutu kuanza.