Ngoma katika Nyumba ya Mungu

Katika kitabu hiki cha jubile tumeona yafaa kusema neno juu ya ngoma zetu, kwani wote wanazisikia kila siku ya Yenga, lakini wachache wanajua ginsi zinavyoundwa na njia ndefu iliyozifikisha karibu na altare.

Zamani za Mapadri Weupe wa kwanza, ngoma iliita watu kwenye sala, kisha ikanyamaza mlangoni. Ndani iliimbwa Kilatini. Katika falme za maziwa makubwa ngoma ilikuwa ya mwami na ya matambiko, basi tunaelewa woga wao, hata kama tunausikitikia. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na korali yake alitengeneza Missa Luba yenye kupigiwa ngoma. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano uliruhusu, kwa idhini ya maaskofu, vyombo vya mataifa vinavyostahili ibada, na mwaka 1988 Roma ilikubali Misale kwa majimbo ya Zaire.

Ngoma ya kwetu ni gogo lililochimbwa, kubwa juu na jembamba chini, limefunikwa ngozi ya ng'ombe pande mbili, ngozi hizo zikivutana kwa kamba za ngozi. Warundi, jirani zetu, wanachonga mti ambao jina lake umuvugangoma linasema wazi kwamba ndio unaozungumzisha ngoma. Ngozi ikivaliwa mbichi, inakauka na kujikaza yenyewe. Lakini Bukavu mvua inanyesha toka Septemba mpaka Mei, na ngozi yenye unyevu inalegea, sauti inakuwa kama ya mtu mwenye mafua. Ndiyo maana mpigaji anaiota motoni kwanza.

Bateri, ngoma za kizungu ambazo vijana wanazipenda, nazo zilikuwa na taabu hiyohiyo! Za zamani zilivikwa ngozi ya ndama, na miaka ya 1920 wengine walitia taa ya umeme ndani ya ngoma kubwa ili ikauke. Mwili wake ni mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja na kukunjwa duara. Sauti yake ni ya joto na fupi. Toka mwaka 1957 hivi plastiki ilichukua nafasi ya ngozi. Plastiki haiogopi mvua, na sauti yake ni kali zaidi.

Hatuikatazi bateri. Mtu mmoja, kwa mikono na miguu, anafanya kazi ya wapigaji wanne. Hapo ndipo shida yetu: wale watatu waliobaki hawajifunzi tena, na wazee wanaojua kukaza kamba wanapungua. Plastiki ikipasuka, tunangoja nyingine itoke mbali. Ngozi ya ng'ombe inapatikana hapa Bushi, na gogo moja likitunzwa vizuri linabadilishiwa ngozi mara nyingi.