Kusuluhisha Si Kurudisha Tu

Mwezi Januari 1546 Martin Luther, akiwa na miaka 62 na mwili uliochoka kwa maradhi, aliondoka Wittenberg kwenda Eisleben, mji aliozaliwa. Alihubiri huko mara nne, lakini safari yenyewe haikuwa ya mahubiri. Alikwenda kusuluhisha ndugu. Mabwana wa Mansfeld, Albrecht na Gebhard, walikuwa wamegombana miaka mingi juu ya mali na madaraka ya ukoo wao. Njiani mto Saale ulikuwa umefurika, akakwama Halle siku kadhaa. Alipofika alikaa vikaoni karibu majuma matatu. Katika barua zake aliwalalamikia wanasheria waliokuwa wakiyafanya maneno kuwa magumu, na kumwomba mkewe Katharina asimhangaikie. Tarehe 16 na 17 Februari hati za mapatano zikatiwa sahihi. Alfajiri ya tarehe 18 akafariki.

Sisi Walutheri tunasimulia sana habari za hoja 95 za 1517, na ni haki yetu. Lakini kazi ya mwisho ya mtu huyu ilikuwa kikao cha familia. Tena Albrecht na Gebhard hawakuondoka pale wakiwa nyumba moja yenye chungu kimoja. Waliondoka na karatasi iliyoeleza nani ana haki gani. Hilo nalo liliitwa amani.

Kuhusu ndoa Luther alisema wazi, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1530, kwamba mashauri yake ni ya serikali, na mchungaji ashughulike na dhamiri za watu. Hata hivyo watu waliendelea kubisha hodi kwa wachungaji. Mwaka 1539 likaundwa baraza pale Wittenberg, wanatheolojia na wanasheria wakiketi pamoja kusikiliza mashauri ya ndoa. Kwa hiyo mzee wa kanisa anayeitwa saa mbili usiku kwa sababu fulani na mkewe hawasemezani asidhani ameongezewa kazi isiyo yake. Kazi hiyo kanisa letu limezaliwa nayo.

Huku kwetu wamisionari hawakuleta usuluhishi. Waliukuta. Ndoa ilifungwa kati ya koo mbili, mshenga akienda na kurudi, na ilipotikisika mshenga yuleyule aliitwa aeleze kilichoahidiwa. Wazee walikaa, wakasikiliza upande huu na upande ule, wakatoza faini, wakamrudisha mke kwa mumewe. Iliposhindikana kabisa, kikao hakikuvunjika. Kilibaki na kazi ya pili: mahari irudi kiasi gani, watoto wakae wapi, nani achukue nini. Nisipake sukari. Kazi hiyo ya pili mara nyingi ilimalizika bila mama kuulizwa. Tamko la Sheria za Mila la 1963, lililoandika mila za makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, liliweka watoto upande wa baba, na mwanamke angeweza kuondoka na nguo alizovaa baada ya miaka ishirini ya kulima. Lakini angalau wazee wale walijua kwamba kutengana nako kunahitaji kusimamiwa.

Ikaja Sheria ya Ndoa ya 1971. Ilikusanya chini ya paa moja ndoa za Kikristo, za Kiislamu, za kimila na za kiserikali, na kuweka Mabaraza ya Usuluhishi wa Ndoa. Anayetaka talaka haendi mahakamani moja kwa moja. Hupita kwanza Barazani, mbele ya mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Jumuiya za dini nazo zinaweza kupewa idhini ya kuwa na Baraza. Mawakili hawaruhusiwi kumwakilisha mtu humo, ila ndugu wa familia anaweza kuruhusiwa. (Luther angefurahi.) Baraza likishindwa hutoa hati, na bila hati hiyo shauri halisimami. Mahakama ya Rufani imewahi kufuta mashauri yaliyokwisha kupanda ngazi zote, kwa sababu hati haikuwepo au ilikuwa na kasoro. Watu walirudi kuanza upya baada ya miaka ya nauli na machozi.

Sheria hiyohiyo ilisema jambo lililokuwa geni kwa vikao vingi: hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpiga mwenzake. Ikasema pia kwamba Barazani kuna nafasi ya kuambatisha mapendekezo kwenye hati. Na haikumlazimisha kila mtu kupita huko. Aliyetelekezwa na asijue mwenzake alipo, au mwenye mazingira ya pekee yanayofanya kikao kisiwezekane, anaweza kwenda mahakamani bila hati.

Haya nilifundishwa chuoni. Nilifaulu mtihani. Kisha nikapangiwa usharika wangu wa kwanza, na huko ndiko nilikoshindwa.

Mama mmoja alikuja kwetu mara tatu. Mara ya kwanza tulimwita mumewe, wakaungama, tukaomba, tukanywa chai. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu alikuja na mkono umefungwa, nasi, mimi nikiwa mwenyekiti, tukamketisha benchi moja na aliyemvunja mkono huo na kumtaka aeleze mbele yake kilichotokea. Akasema ameanguka. Tukaandika kwenye daftari kwamba pande zote zimepatana. Juma lililofuata aliondoka usiku na watoto wawili, na hakurudi tena kanisani, kwetu wala kwingine ninakokujua. Sina la kujitetea. Kikao kile kilikuwa na lengo moja, kumrudisha, na kila alilosema au kunyamazia tulilisikia kwa lengo hilo.

Tangu hapo anayeleta malalamiko ya kupigwa namsikiliza peke yake, pamoja na mama mmoja mzee wa kanisa. Akiwa hatarini simwiti mumewe kwa mapatano. Naulizia kwanza atalala wapi leo, na habari zinafika polisi.

Kwa wengine, ambao hawapigani bali wamefika mwisho, tumejifunza polepole kufanya kazi ya pili. Tunajaribu kuwapatanisha kwa moyo wote, kwa sababu neno la Bwana Yesu kuhusu ndoa si mzaha. Ila wakisema hapana, na tukaona ni hapana kweli, hatufungi daftari. Abrahamu na Lutu hawakugawana malisho kwa kuchukiana. Waligawana ili wasichukiane, na mkubwa ndiye aliyemwachia mdogo achague kwanza.

Miaka miwili iliyopita tulikaa jioni nne na wanandoa wa namna hiyo. Nyumba ilichukua jioni moja. Mume alisema yeye ndiye aliyenunua bati. Mzee wetu mmoja, fundi mwashi, akamwuliza mafundi walikula nini na nani aliwapikia. Nikawaeleza kwamba tangu 1983 Mahakama ya Rufani imekubali kazi za nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Akanyamaza. Watoto walichukua jioni mbili, kwa sababu kila mmoja aliwataka wote, mpaka tulipoacha kuuliza watoto ni wa nani tukaanza kuuliza nani anampeleka mdogo kliniki na shule ya mkubwa iko upande gani. Jioni ya nne ilikuwa ya ng'ombe. Ng'ombe alikuwa mmoja, mwenye mimba. Walikubaliana abaki wanakobaki watoto, kwa ajili ya maziwa, na ndama aende kwa baba akishaacha kunyonya.

Tuliandika yote kwa mkono na kuambatisha kwenye barua waliyokwenda nayo kwenye Baraza la kata. Mwenyekiti wa Baraza aliisoma mara mbili, akauliza kama ndama ameshazaliwa. Alikuwa bado.