Uvimbe wa mapafu: mambo ya kuuliza mbele ya kuchagua matibabu
Huku Tchomia, mtu akikohoa damu watu wanafikiria kwanza kifua kikuu, na ni vizuri apime makohozi. Lakini radiografia ikionyesha uvimbe, hiyo peke yake haihakikishi kansere. Munganga anatoa kipande kidogo cha uvimbe kipimwe, na skana inaonyesha kama umesambaa. Kama haujasambaa, operesheni inaweza kuuondoa. Ukiisha kusambaa, dawa za kansere na mionzi mara nyingi zinarefusha maisha tu, haziponyeshi.

Ngambo ya Ziwa Albert, huko Kampala, kuna Taasisi ya Kansere ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1967. Mbele ya kuuza mtumbwi ili mwende, jamaa muulize munganga: matibabu haya ni ya kuponyesha ao ya kupunguza mateso? Yatachukua miezi ngapi? Na mgonjwa mwenyewe anataka nini?