Paa jeupe hupunguza gharama za kupoza nyumba

MJI wa Morogoro upo chini ya Milima ya Uluguru, takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari. Wakati wakazi wa Mgeta, juu milimani, wakijifunika mablanketi, wale wa mjini hulazimika kuwasha feni na viyoyozi, hasa katika miezi ya joto kuanzia Oktoba hadi Machi. Sehemu kubwa ya joto hilo huingia ndani kupitia paa.

Katika nchi za tropiki jua la adhuhuri huwa karibu na utosi, hivyo paa hupokea mionzi mingi kuliko ukuta wowote. Paa jeusi hufyonza zaidi ya asilimia 90 ya nishati hiyo na huweza kufikia nyuzijoto 65 au zaidi. Paa jeupe lililo safi hurudisha angani hadi asilimia 80, na hubaki karibu na joto la hewa inayolizunguka.

Wengi hudhani kwamba bati jipya linalong'aa linatosha. Ni kweli kwamba hurudisha mwanga mwingi, lakini chuma kitupu hakitoi joto kwa urahisi. Joto kidogo linalofyonzwa hujikusanya, na bati likichakaa au kupata kutu hali huwa mbaya zaidi. Rangi nyeupe hufanya kazi zote mbili: hurudisha mwanga na kutoa joto.

Kwa mwenye nyumba, tofauti hiyo huonekana katika uniti za LUKU. Joto linalopenya darini likipungua, kiyoyozi hufanya kazi kwa muda mfupi zaidi, na pengine feni hutosha. Nyumba isiyo na kiyoyozi haiokoi fedha nyingi, lakini wakaaji wake hupata nafuu.

Faida hiyo hutegemea jengo lenyewe. Nyumba ya chini hunufaika zaidi. Katika ghorofa, nafuu kubwa huishia orofa ya juu kabisa. Penye dari nene linalozuia joto, tofauti huwa ndogo. Huko milimani, ambako viyoyozi havihitajiki, paa jeupe halipunguzi gharama yoyote.

Aidha, paa jeupe huhitaji matunzo. Vumbi la kiangazi na ukungu hupunguza uwezo wake, hivyo halina budi kuoshwa na kupakwa upya rangi inapochakaa.

Kwa wasiopenda weupe, zipo rangi maalumu zinazorudisha mionzi isiyoonekana kwa macho, ambayo ni karibu nusu ya nishati ya jua. Bati la rangi hiyo, hata likiwa jekundu au kijani, hupata moto kidogo kuliko la rangi ya kawaida inayofanana nayo, ingawa halifikii jeupe.

Uamuzi ulio nafuu zaidi hufanyika kabla ya kuezeka, wakati wa kuchagua bati dukani. Paa hudumu kwa miaka mingi, na anayechagua rangi nzito kwa ajili ya urembo huendelea kuilipia kila anaponunua umeme.