Ulimi ni Mizani: Habari za Kuonja Chai

Jioni ya leo twataka kuzungumza nanyi mlioko Ngara na Biharamulo, pamoja na wote mlio mbali, habari za kitu kilichomo karibu katika kila nyumba, nacho ni chai. Hatutaeleza jinsi ya kuipika, maana hilo kila mama analijua. Twataka kueleza jinsi watu walivyojifunza kuionja na kuitaja ladha yake kwa maneno, na kwa nini maneno hayo ni fedha mfukoni mwa mkulima.

Kwanza na tukumbuke ya kuwa watu wa nchi hizi za magharibi ya Ziwa walikuwa waonjaji hodari kabla chai haijafika. Richard Burton, msafiri wa Kiingereza aliyekaa Kazeh, yaani Tabora, katika mwaka 1858, alipata habari za kahawa ya Karagwe, akaziandika katika kitabu chake cha mwaka 1860, kwamba wenyewe hawakuinywa bali waliitafuna. Desturi hiyo ingaliko. Wahaya huchemsha buni pamoja na majani yenye harufu nzuri, huzianika, kisha humpa mgeni azitafune. Nazo huitwa akamwani. Mzee aliyezizoea akitia moja kinywani hujua mara moja kama ilianikwa vema au ilishika unyevu. Kadhalika pombe ya ndizi: huyu husema ingali tamu, yule husema imekomaa, mwingine husema imechachuka. Na mrina asali wa misitu ya Biharamulo huitambua asali iliyoingiwa na moshi. Basi elimu ya ulimi si ngeni kwetu. Lililobaki ni kuitumia katika chai.

Kwa nini hatukuitumia? Sababu yake imo katika historia. Chai ilinywewa Uchina tangu kale sana, na Waingereza waliinunua huko kwa miaka mingi. Baadaye waliona ya kuwa mti huo huota pia Assam, katika Uhindi, na mwezi wa Januari 1839 chai ya kwanza ya Assam ikauzwa mnadani London. Huko Kenya ilipandwa Limuru mwaka 1903. Katika nchi yetu Wajerumani waliijaribu Amani na Rungwe, walakini kilimo cha biashara kilianza zamani za Waingereza, mwaka 1926. Hatimaye mashamba yakawako hata Bukoba na Muleba, mkoani kwetu. Ng'ambo ya mipaka, Burundi hulima chai Teza na Rwegura, na Rwanda huilima Mulindi na kwingineko.

Hivyo Ngara ina majirani walima chai pande nyingi, lakini yenyewe ni nchi ya ndizi na kahawa. Chai ilitufikia kutoka dukani, imefungwa karatasini, imewekwa karibu na sukari. Majani yalikwisha kuchanganywa na mtu mwingine, na ladha ilikwisha kuamuliwa na mtu mwingine. Sisi tukayachemsha mno, tukatia sukari vijiko vitatu, tukasema, "Chai ni chai."

Huyo mtu mwingine ni nani? Ni muonjaji. Zamani kiti chake kikubwa kilikuwa London, ambako mnada ulifungwa mwaka 1998. Katika Afrika ya Mashariki mnada ulikuwa Nairobi kwanza, na mwaka 1969 ukahamia Mombasa. Huko huuzwa chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na nchi nyingine. Chai ya Tanzania nayo iliuzwa huko kwa miaka mingi, hata mwaka 2023 mnada ukafunguliwa Dar es Salaam.

Kazi ya muonjaji ni hii. Vikombe vyeupe hupangwa mezani safu kwa safu. Kwa kanuni ya kimataifa iliyotangazwa mwaka 1980, gramu 2 za majani hutiwa maji yaliyochemka, mililita 100, hufunikwa dakika 6, kisha huchujwa. Sukari haitiwi kamwe, kwa sababu sukari huficha makosa. Muonjaji hutazama majani makavu, hutazama majani yaliyolowa, hutazama rangi ya maji. Ndipo huchota kijiko, akaivuta chai kwa kishindo, kisha akaitema. Mgeni akisikia kishindo hicho hucheka, lakini kina maana. Ulimi peke yake hujua mambo machache tu, kama utamu, uchungu, ukali wa ndimu na chumvi. Mengine yote ni kazi ya pua. Kishindo kile huipeleka harufu puani kwa njia ya nyuma ya koo. Mwanafunzi asiyesadiki na azibe pua yake anywe chai, kisha aifungue.

Na sasa maneno yake. Jambo la kwanza atafutalo ni ule mkazo unaoukamata ulimi na mashavu. Kiswahili chatuambia jina lake: ni ukakasi, kama wa ndizi mbichi. Ukakasi ukiwa wa kiasi, chai husemwa kuwa changamfu. Ukikosekana, chai imelala. Jambo la pili ni uzito: je, chai yajaza kinywa, au ni kama maji tu? La tatu ni mng'ao: maji mekundu yenye kung'aa husifiwa, na yaliyofifia hulaumiwa. La nne ni harufu, nayo huwa nzuri zaidi milimani penye baridi, ambako jani hukua polepole.

Kila kosa lina jina, na kila jina lina chanzo. Chai nyepesi isiyo na nguvu mara nyingi hutoka katika majani makubwa yaliyokomaa. Desturi njema ni kuchuma majani mawili na kichipukizi chake. Chai iliyolala na kufifia yaweza kuwa ilishindiliwa katika magunia juani, ikapata joto na kugeuka nyekundu kabla ya kufika kiwandani. Yenye moshi ilikaushwa katika tanuri linalovuja. Yenye uvundo ililala katika ghala lenye unyevu. Tena majani ya chai hunyonya kila harufu: ukiyaweka karibu na sabuni au mafuta ya taa, utakunywa sabuni na mafuta ya taa.

Hapo, wasikilizaji, ndipo penye jambo zito. Maneno ya muonjaji hugeuka kuwa bei, na bei humrudia mkulima, lakini mara nyingi maneno yenyewe hayamrudii. Huambiwa kwamba bei imeshuka, wala haambiwi kwamba chai yake ilinukia moshi. Ataponyaje ugonjwa asioujua jina? Na jambo hili si la walima chai peke yao. Kahawa ya Ngara na ya Biharamulo nayo huonjwa kwa kijiko na kutemwa, ikapewa daraja lake vivyo hivyo.

Kwa hiyo twawashauri walimu na wazee kufanya zoezi dogo. Tieni chai za namna mbili katika vikombe viwili sawa, majani kwa kiasi kimoja, maji ya moto kwa muda mmoja, bila sukari wala maziwa. Kila mtu na aonje, aandike maneno matatu juu ya kila kikombe kabla ya kusikia ya mwenziwe. Kisha somaneni. Msiogope kutumia maneno ya Kihangaza, ya Kishubi, ya Kisubi au ya Kizinza, maana wazee wana majina ya ladha ambayo vitabu havijayaandika. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Basi na mwonja chai asionje mara moja. Siku mkulima wa kwetu atakapomwuliza mnunuzi, "Umeona kosa gani katika kikombe?" na kulielewa jibu lake, siku hiyo mizani itakuwa imeshikwa na mikono miwili.